Kuzama Si Kazi, Kuibuka Ndiyo Ngoma

Ukimwambia kijana wa Dar kwamba fulani ni mzamiaji, swali lake la kwanza litakuwa: alizamia meli gani, akashukia bandari ipi? Neno hilo tumeshawapa ndugu zetu wanaojificha kwenye meli za mizigo kwenda kutafuta maisha ughaibuni. Leo sina habari nao. Nataka kuzungumza juu ya wapiga mbizi, wale wanaofunga mtungi wa hewa mgongoni na kushuka chini ya maji, na hasa juu ya kidude kimoja wanachovaa mkononi mfano wa saa, kiitwacho kompyuta ya mbizi. Ndugu msomaji, usiufunue ukurasa huu haraka ukidhani kwamba hayo ni mambo ya watalii wa Nungwi. Subiri kidogo. Kidude hicho kimebeba historia ya zaidi ya miaka mia tatu, na ndani ya historia hiyo mna swali linalotuhusu sote tunaotumia namba zilizopikwa kwa wengine: namba hii ilipimwa kwenye mwili wa nani, na mahali gani?

Ukiiwasha kompyuta hiyo na kuingia kwenye mipangilio yake, utakuta mambo mawili ambayo wengi huyaruka. La kwanza linauliza maji unayoingia yako juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari. La pili linauliza unataka ikuhesabie kwa ukali kiasi gani, yaani, kwa lugha yetu ya mtaani, wewe ni mtu wa namna gani. Nilipojifunza kupiga mbizi huko Unguja, maswali hayo mawili yalinivutia kuliko samaki wote niliowaona, na tangu hapo nimekuwa nikifuatilia yalikotoka. Haya ndiyo niliyoyapata.

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Kwa mpiga mbizi methali inapinduka: kuzama si kazi, kuibuka ndiyo ngoma. Hewa tunayovuta, karibu sehemu nne kati ya tano ni naitrojeni, gesi ambayo mwili hauna kazi nayo. Ukiwa nchi kavu inaingia na kutoka, hamna shida. Lakini ukishuka mita 10 baharini, mgandamizo unakuwa mara mbili ya ule wa ufukweni. Mita 20, mara tatu. Mita 30, mara nne. Kadiri unavyogandamizwa ndivyo naitrojeni inavyozidi kuyeyuka kwenye damu, kwenye misuli, kwenye mafuta na kwenye uti wa mgongo. Ukiibuka polepole, inatoka kwa njia ya mapafu kama ilivyoingia. Ukiibuka kwa pupa, inafanya kama soda iliyofunguliwa ghafla, inatoa viputo humohumo mwilini. Mwenye bahati huumwa viungo tu. Asiye na bahati hupooza miguu, na wengine hufa.

Robert Boyle wa Uingereza alikiona kiputo cha namna hiyo zamani sana. Mwaka 1670 alieleza habari za nyoka aliyemfungia kwenye chombo na kuinyonya hewa iliyokuwemo. Ndani ya jicho la nyoka yule akaona kiputo kikitembea huku na huku. Karne mbili baadaye ikawa zamu ya binadamu. Huko New York walikuwa wakijenga Daraja la Brooklyn, na ili kuchimba misingi chini ya mto, vibarua walishushwa ndani ya makasha makubwa yaliyojazwa hewa ya mgandamizo ili maji yasiingie. Wakiwa chini wanafanya kazi kama kawaida. Wakipanda juu, wanaanguka. Daktari wa mradi, Andrew Smith, aliandika wagonjwa 110. Mhandisi mkuu mwenyewe, Washington Roebling, alishikwa na ugonjwa huo mwaka 1872 na hakupona sawasawa. Mkewe Emily ndiye aliyepeleka maagizo yake kwa mafundi mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 1883. Katikati ya hapo, mwaka 1878, Mfaransa Paul Bert alitoa kitabu kikubwa kilichothibitisha kwamba mchawi katika habari hiyo yote ni naitrojeni.

Basi chanzo kilijulikana. Lakini kujua kinachoua ni jambo moja, na kumwambia mtu apande kwa mwendo gani ni jambo jingine. Hapo ndipo walipoingia mbuzi.

Naam, mbuzi. Mwaka 1905 Jeshi la Majini la Uingereza liliunda kamati ya kuchunguza usalama wa wapiga mbizi wake, na mwanasayansi John Scott Haldane akapewa kazi. Haldane na wenzake, Arthur Boycott na Guybon Damant, waliwatia mbuzi ndani ya chumba cha chuma mjini London, wakawapandishia mgandamizo, kisha wakaushusha kwa mitindo mbalimbali na kuangalia nani anaumia. Mbuzi hasemi, lakini aliyeumwa goti aliinua mguu wa mbele akakataa kuukanyagia. Kutokana na miguu hiyo iliyoinuliwa, Haldane aligundua kwamba mwili unavumilia mgandamizo ukipunguzwa kwa nusu, na kwamba mtu apande kwa vituo: asimame hapa dakika kadhaa, asogee juu kidogo, asimame tena. Damant na mwenzake Catto wakaenda Scotland mwaka 1906 kujaribu wenyewe, wakashuka hadi mita 64. Mwaka 1908 matokeo yakachapishwa, na dunia ikapata jedwali lake la kwanza la kuibuka lililojengwa juu ya majaribio.

Hapa naomba tusimame kidogo, kama mpiga mbizi kwenye kituo chake. Mwaka huohuo wa 1908, Boycott na Damant walichapisha makala nyingine kuhusu unene. Walikuwa wameona kwamba wanyama wenye mafuta mengi huumia upesi zaidi, kwa kuwa mafuta hufyonza naitrojeni nyingi na kuiachia kwa taabu. Maana yake ni kwamba tangu siku ya kwanza wenyewe walijua miili hailingani. Walijua! Lakini jedwali halikuwa na safu ya mnene wala mwembamba, ya kijana wala mzee. Lilikuwa na safu mbili tu, kina na muda. Siwalaumu. Jeshi lilitaka karatasi ambayo sajini anaweza kuisoma juu ya sitaha huku upepo ukivuma. Lakini karatasi ile ilisafiri ikaenda kwa watu ambao si wanajeshi, na haikwenda na maelezo kwamba iliandikwa kwa ajili ya nani.

Marekani nao wakalichukua wazo hilo, wakalipima upya na kulirekebisha kwa ajili ya jeshi lao la majini. Waliopimwa, kwa sehemu kubwa, walikuwa wanaume vijana, wenye afya, waliochujwa na madaktari wa jeshi. Mwaka 1965 daktari wao mmoja, Robert Workman, aliandika kanuni ya kuonyesha kila sehemu ya mwili inaweza kuvumilia naitrojeni kiasi gani kwa kila kina. Kanuni nzuri sana, ila ina kitu kimoja cha kuangalia: ilihesabu kuanzia usawa wa bahari. Kwa jeshi la majini kuna ubaya gani? Meli zao hazipandi milima.

Waswisi ndio waliokuwa na shida. Nchi yao haina hata tone la bahari. Maji yao ni maziwa ya milimani, na huko juu hewa ni nyepesi. Tatizo si kwamba maji ya ziwa yanagandamiza zaidi. Tatizo ni kule unakorudia. Unapoibuka ziwani mlimani, unatokea kwenye hewa yenye mgandamizo mdogo kuliko wa pwani, kwa hiyo pengo kati ya chini na juu ni kubwa zaidi, na soda yako inafunguliwa kwa nguvu zaidi.

Tufanye hesabu, hata wale waliokimbia hesabu Kidato cha Pili wataiweza. Chukua Ziwa Titicaca, kati ya Peru na Bolivia, lililo mita 3,800 na ushei juu ya bahari, ambako Jacques Cousteau alikwenda kupiga mbizi na kikosi chake mwaka 1968. Mgandamizo wa hewa huko ni kama asilimia 62 ya ule wa pwani. Ukishuka mita 18 Titicaca, gawa 18 kwa 0.62, utapata 29. Maana yake, mwili wako unapaswa kuhesabiwa kama umetoka mita 29 baharini, ijapokuwa kamba inasema 18. Ukifuata jedwali la sajini bila kuligeuza, utapanda juu ukijiona umefanya kila kitu sawa, na huku umechupa vituo.

Mtu aliyelishughulikia jambo hili mpaka mwisho ni Albert Bühlmann, daktari wa Zürich, aliyezaliwa mwaka 1923 na kufariki mwaka 1994. Alianza utafiti wake mwaka 1959. Pale Workman alipohesabu kuanzia usawa wa bahari, yeye alihesabu kuanzia mgandamizo kamili wa hewa, popote ulipo. Kwake bahari ilikuwa mahali pamoja tu miongoni mwa pengi. Aliugawa mwili katika sehemu 16 za kinadharia, kuanzia zile zinazojaa naitrojeni kwa dakika chache hadi zile zinazochukua muda wa saa nyingi, na kanuni yake ikaitwa ZH-L16, ZH ikiwa ni Zürich. Nchi isiyo na bahari ndiyo iliyowapa wapiga mbizi wa dunia hesabu inayofanya kazi baharini na milimani. Mimi jambo hilo linanifurahisha sana. Aliyekuwa nje ya jedwali ndiye aliyelipanua.

Mashine nazo zilikuwa zikija taratibu. Mwaka 1959 Waitaliano walitoa kifaa cha kuvaa mkononi ambamo hewa ilipenya kwenye kigae chenye vitundu vidogo mno, kuigiza naitrojeni inavyopenya mwilini. Kigae kimoja kiliwakilisha mwili mzima! Mwaka 1983 zikaingia sokoni kompyuta za kielektroniki zenyewe, Edge ya Marekani na Decobrain ya Ulaya, na baada ya hapo hazikurudi nyuma. Leo nyingi zinatumia hesabu ya Bühlmann au jamaa zake, na baadhi zinaupima mgandamizo wa hewa zenyewe kabla hujaingia majini. Lakini nyingine bado zinataka uziambie. Katika aina nyingi za Suunto, kwa mfano, utakuta A0 kwa maji yaliyo chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, A1 kwa mita 300 hadi 1,500, na A2 kwa mita 1,500 hadi 3,000.

Sasa chukua ramani yetu. Ziwa Tanganyika liko kama mita 773 juu ya bahari. Ziwa Viktoria liko kama mita 1,134. Yote mawili ni A1. Mita 18 za Kigoma zinahesabiwa karibu 20, na mita 18 za Mwanza zinahesabiwa kama 21. Utasema tofauti ni ndogo, mita mbili tatu ni nini bwana? Lakini wapiga mbizi wa kazi hawashuki mara moja wakaenda zao nyumbani. Wanashuka asubuhi, wanashuka mchana, wanashuka kesho, na kila mbizi inaweka deni juu ya deni. Isitoshe, aliyetoka Dar kwa ndege leo na kuingia Ziwa Viktoria jioni anafika na naitrojeni ya pwani mwilini, kama mtu aliyekwisha kupiga mbizi kabla hajalowa. Kinyume chake pia kina hatari: ukipiga mbizi Diani asubuhi na jioni ukapanda basi la kwenda Nairobi, unapandishwa mpaka kama mita 1,700 huku umekaa kitini. Wataalamu hushauri kungoja angalau muda wa saa 12 baada ya mbizi moja, na saa 18 baada ya mbizi za kurudiarudia, kabla ya kupanda ndege au kwenda sehemu za juu. Tiketi ya basi haiandikwi hivyo.

Hilo ndilo swali la kwanza: uko wapi? Swali la pili ni gumu zaidi, maana mtu husema uongo kirahisi juu ya nafsi yake kuliko juu ya ziwa.

Kompyuta inajua vitu viwili kwa uhakika, mgandamizo na muda. Haijui kama umelala. Haijui kama una kiu, kama unatetemeka kwa baridi, kama ulipigana na mkondo wa maji hadi misuli ikawaka, kama una miaka 22 au 58, kama kitambi kimeanza, kama uliwahi kuugua ugonjwa huu. Haijui pia kuhusu kitundu cha moyo. Kila mtoto tumboni mwa mama ana kipenyo kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo, na kwa kawaida huziba baada ya kuzaliwa. Kwa karibu mtu mmoja kati ya wanne hakizibi sawasawa, na wengi huishi hadi uzeeni bila habari. Kwa mpiga mbizi, viputo ambavyo vingechujwa na mapafu vinaweza kupitia hapo na kuelekea kwenye ubongo.

Ndiyo maana watengenezaji wakaweka daraja za tahadhari: P0, P1, P2 kwenye baadhi ya saa. Kwenye nyingine kuna namba mbili zilizotokana na kazi ya Erik Baker, Mmarekani, katika miaka ya 1990. Chukulia kwamba kikomo cha Bühlmann ni ukuta. Ukiweka 40 na 85, namba ya kwanza inaamua kituo chako cha kwanza kianzie kina gani, na ya pili inasema utoke majini ukiwa umefika asilimia 85 tu ya njia ya kuelekea ukutani. Ukishusha iwe 75, unatoka ukiwa mbali zaidi na ukuta, ila unakaa majini muda mrefu zaidi au unafupisha mbizi. Hakuna namba inayokuhakikishia usalama. Kuna namba unayoichagua, na kiasi cha hatari unachokubali.

Na hapa ndipo ujana unapoingia. Nimeona kwenye boti huko Unguja. Watu sita wanashuka pamoja, saa ya mmoja iko kwenye P2, yaani kali kuliko zote. Baada ya muda fulani chini, saa yake inamwambia apande ilhali za wenzake zinasema bado. Anapanda. Kikundi kizima kinapandishwa naye, kwa sababu kanuni ni kutoachana. Juu ya boti vijana wanaanza: "Aa, mzee katukatia utamu! Shusha hiyo saa bwana, iwe kama zetu." Yule mzee alikuwa kiongozi wa mbizi, mvuvi wa zamani, mtu wa bahari tangu utotoni. Hakukasirika. Alifungua mkanda wa mtungi, akanywa maji, akasema: "Saa hii haijui kama mimi nina wajukuu. Mimi ndiye wa kuiambia."

Vijana wakacheka, na mimi nikacheka nao, maana alisema kwa lafudhi ya kuchekesha kweli. Lakini ukiliangalia neno lile kwa macho ya historia, ni jibu kwa karatasi ya mwaka 1908. Jedwali la Haldane halikuwa na mahali pa kusema wajukuu. Ilichukua miaka mingi, na miguu mingi ya mbuzi na ya watu, mpaka mahali hapo pakapatikana. Kisha sisi tunaparuka kwa sababu tunaogopa kuitwa wazee! Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Najua mtu atauliza: haya yote yana faida gani kwetu, wengi wetu hata kuogelea hatujui? Nitamjibu kwa tarehe mbili. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, ikafa nayo mamia ya watu. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa zaidi ya watu 200, na siku mbili baadaye wapiga mbizi wakamkuta fundi mmoja angali hai ndani ya meli iliyopinduka. Walioshuka kwenye maji yale walishuka mahali ambapo hewa ya juu ni nyepesi kuliko ya pwani. Wapo pia wanaoshuka pwani kutafuta majongoo ya bahari kwa mitungi ya kukodi, mara nyingi kwa siku moja, bila saa ya aina yoyote mkononi. Na Kigoma kuna wanaoshuka kukamata samaki wa rangi wanaouzwa nje kwa ajili ya mapambo. Hao miili yao inapima namba kila siku, kama wale vibarua wa Brooklyn. Tofauti ni kwamba huko New York palikuwa na daktari aliyeandika wagonjwa 110.

Wewe unayetaka kuwa mwandishi na unalalamika kwamba huna mada, panda basi uende Kigoma, au vuka uende Pemba, ukakae na mmoja wao. Muulize anashuka mita ngapi, mara ngapi kwa siku, na anasimama wapi akipanda. Muulize goti lake lilianza kuuma mwaka gani na ni nani katika wenzake hatembei tena. Andika kina, andika muda, kisha andika na umri wake, na idadi ya wajukuu wake pia, kama anao.